Makopo mawili kwa lita moja: shajara ya mradi wa kipimo cha kahawa

4 Juni. Lengo na vifaa

Mradi huu una kazi moja: kupata kipimo cha kahawa na maji ambacho mwanachama yeyote wa chama chetu cha msingi, hapa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ataweza kukirudia nyumbani kwake bila mizani na kupata kinywaji kile kile tunachokipata ofisini tukiwa na mizani. Jambo hili limechelewa sana. Chama kikuu cha ushirika cha mkoa wetu, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933, na mibuni ilikuwa imeshapandwa katika vihamba vya huku miaka mingi kabla ya hapo. Lakini ukikaribishwa kahawa katika nyumba nyingi za kijijini kwetu, utaletewa chupa ya maji ya moto na kopo la kahawa ya unga inayoyeyuka. Kahawa ya shambani imekwenda mnadani Moshi, na ile kidogo iliyobaki nyumbani kila mtu anaipika kwa kukisia, leo ikitoka chungu isiyonyweka, kesho ikitoka maji matupu.

Vifaa vilivyonunuliwa kwa fedha za kamati ni mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, kipimajoto cha jikoni na mashine ya mkono ya kusagia. Vingine vimetoka kwa mama anayewapikia vibarua wa mtambo wa kumenya kahawa: sufuria zenye mifuniko, chujio la kitambaa, jagi na chupa za chai. Mizani kubwa ya ghalani, ambayo Wakala wa Vipimo huikagua na kuibandika stika, imetengenezwa kwa ajili ya magunia na haiwezi kuziona gramu 60.

Kwa kuwa mizani ndogo haikuja na stika ya mtu yeyote, ilipimwa yenyewe kwanza. Mililita moja ya maji ya kawaida ina uzito wa gramu moja, kwa hiyo tulichukua bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, tukalijaza maji hadi kwenye mstari bila kuacha kiputo cha hewa, kisha tukayasukumia ndani ya kikombe kilichokuwa juu ya mizani. Kila bomba liliongeza gramu 20, ikipungua au ikizidi kwa sehemu moja au mbili za kumi. Wazee waliokuwa barazani wakingoja malipo walilifuatilia zoezi hili kwa makini kuliko jambo jingine lolote lililofanyika siku hiyo, na si ajabu, maana mkulima aliyewahi kuuza viazi kwa lumbesa haiamini mizani mpaka aione ikijaribiwa mbele yake.

7 Juni. Uwiano wa kuanzia

Kabla ya kuwasha jiko, kamati ilitaka kujua tunaanzia wapi na kwa nini. Maelezo tuliyowapa ni haya. Kupika kahawa ni kuyeyusha. Punje iliyokaangwa ina vitu vinavyoweza kuyeyuka katika maji kwa kiasi cha takribani asilimia 30 ya uzito wake, na si vyote vinavyotakiwa kikombeni. Katika miaka ya 1950 mwanasayansi wa Marekani, Ernest Lockhart, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, alitengeneza chati ambayo waonjaji wa kahawa wanaitumia hadi leo. Katika eneo la katikati la chati hiyo, ambako kahawa huhesabiwa kuwa nzuri, asilimia 18 hadi 22 ya uzito wa unga imeyeyuka, na kinywaji chenyewe kina vitu vilivyoyeyuka kwa kiasi cha kati ya asilimia 1.15 na 1.35. Kilichobaki chote ni maji.

Hapa pana mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni ukali wa kinywaji, yaani kahawa iko kiasi gani ndani ya maji. La pili ni kiasi kilichotolewa ndani ya punje, yaani umeikamua mpaka wapi. Uchachu hutoka mapema, utamu hufuata, na uchungu mzito unaokwaruza koo hutoka mwishoni. Mtu anayeona kahawa yake ni chungu mara nyingi hupunguza unga, akaacha maji na muda vile vile. Matokeo yake ni kwamba unga mchache unakamuliwa zaidi na maji mengi, na kahawa inatoka nyepesi na bado chungu. Kwa maoni yangu, kosa hili peke yake limewafukuza watu wengi wa huku kwenye kahawa yao kuliko bei ya mnada ilivyowafukuza mashambani.

Waonjaji wanapopima sampuli kwa utaratibu wa kimataifa huweka gramu 8.25 za unga kwa kila mililita 150 za maji, sawa na gramu 55 kwa lita. Sisi tumeamua kuanzia gramu 60 kwa lita, kwa sababu kichujio chetu ni cha kitambaa, mashine yetu haisagi sawasawa kama za maabara, na tarakimu 60 inagawanyika vizuri. Ikiwa asilimia 20 ya gramu 60 itayeyuka, gramu 12 zitaingia katika lita moja ya maji, nacho kinywaji kitakuwa na asilimia 1.2, ndani kabisa ya eneo la Lockhart.

11 Juni. Kijiko

Leo kazi ilikuwa kuthibitisha au kukanusha kauli ambayo kila mtu hapa anayo, kwamba kahawa hupimwa kwa kijiko. Tulichukua kijiko kimoja cha chakula na kahawa ya aina mbili kutoka gunia moja, moja ikiwa imekaangwa kwa wastani hadi rangi ya hudhurungi, nyingine ikiwa imekaangwa hadi ikawa nyeusi na kuanza kutoa mafuta. Kijiko cha mfuto, yaani kilichokatwa juu kwa ubapa wa kisu, kilibeba karibu gramu 6 za ile ya wastani na chini kidogo ya gramu 5 za ile nyeusi. Sababu yake ni kwamba punje inapokaangwa inavimba na kupoteza uzito kwa pamoja. Ya wastani hupoteza takribani asilimia 15 ya uzito wake, nyeusi hufikia 20, kwa hiyo nafasi ile ile ya kijiko inabeba kahawa pungufu.

Hiyo ni tofauti ya kukaanga tu. Tofauti ya mkono ni kubwa zaidi. Tulimwomba kila aliyekuwapo achote kijiko kimoja cha tele kwa namna anavyochota nyumbani, na mizani ikasoma kuanzia gramu 7 hadi gramu 11. Anayechota cha gramu 7 mara sita anapata gramu 42, anayechota cha gramu 11 mara sita anapata 66, na wote wawili watasema kwa dhati kwamba wametia vijiko sita. Vijiko vyenyewe vya nyumbani navyo havilingani, kuna vya chuma vyembamba na vya alumini vyenye tumbo kubwa. Kijiko kimeondolewa katika mradi.

18 Juni. Maji

Kwa lita moja ya maji kulikuwa na maswali matatu: yapimwe lini, yawe na joto gani, na yatoke wapi.

Kuhusu lini, maji hutanuka yanapopata joto. Jagi la lita moja likijazwa maji yaliyotoka kuchemka hubeba gramu 960 hivi badala ya 1,000, na sufuria ikichemka bila mfuniko hupoteza maji mengine kwa mvuke bila mtu kujua ni kiasi gani. Tumeamua kwamba maji yapimwe yakiwa ya baridi, kwa chupa ya maji ya kunywa ya lita moja, kisha yachemshwe sufuria ikiwa imefunikwa. Chupa hizo ziko kila nyumba na ujazo wake umeandikwa ubavuni.

Kuhusu joto, hali yetu ni njema kuliko ya watu wa mjini. Miongozo ya upikaji wa kahawa inataka maji ya nyuzijoto 90 hadi 96 za sentigredi. Kadiri mtu anavyopanda, maji huchemka kwa joto pungufu, takribani nyuzi moja kwa kila mita 300. Hapa ofisini kipimajoto kilisimama kwenye 95 huku maji yakitokota. Maana yake ni kwamba huku juu mtu anaweza kuepua sufuria na kutia kahawa papo hapo bila kungoja. Moshi mjini maji huchemka kwenye 97 hivi, na Dar es Salaam kwenye 100, kwa hiyo vijana watakaoondoka na kipimo hiki kwenda pwani itabidi waepue, wafunue, na kusubiri kama dakika moja. Jambo hili litaandikwa katika kadi ya maelekezo ya kipimo.

Kuhusu yatoke wapi, tulilinganisha maji ya chemchemi, ambayo ndiyo tunayokunywa, na dumu la maji ya kisima kirefu lililoletwa na dereva kutoka tambarare. Birika linalochemshia maji ya kisima huacha ukoko mweupe wa chokaa ndani yake. La maji ya chemchemi halina kitu. Kwa kahawa ile ile na gramu zile zile, maji ya kisima yalitoa kinywaji kilichopooza, uchachu mzuri wa limau ambao ndio sifa ya kahawa ya Kilimanjaro ukiwa umefifia kabisa. Chumvi za bikaboneti zilizomo katika maji magumu huua asidi, na kuongeza unga hakuzirudishi asidi hizo; kinachoongezeka ni uzito wa kinywaji tu. Kwa walioko tambarare ushauri pekee tulionao ni kutumia maji ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa, au kuyachanganya na ya kisima nusu kwa nusu.

27 Juni. Kinu na mashine

Nyumba nyingi hazina mashine ya kusagia ila zina kinu na mchi. Kahawa iliyotwangwa ukiitandaza kwenye karatasi nyeupe unaona shida yake kwa macho: kuna vumbi laini linaloshika kidole, kuna vipande vya nusu punje, na cha katikati ni kichache. Vumbi linakamuliwa lote katika dakika ya kwanza na kuendelea kutoa uchungu, wakati vipande vikubwa havijalowa hata kiini. Kikombe kimoja kinatoka kikiwa kichachu na kichungu kwa pamoja, na hakuna uwiano wa maji utakaokiponya.

Suluhisho lililofanya kazi ni chekeche. Kahawa inatwangwa kidogo kidogo, inapitishwa kwenye chekeche la unga wa mahindi, vinavyobaki juu vinarudishwa kinuni, na mwishoni kilichopita kinachekechwa tena kwa kitambaa chepesi cha wavu ili vumbi lianguke. Vumbi hilo halitupwi. Mama mwenye jiko analichemsha na tangawizi, kwa namna ya kahawa ya pwani inayokaa juu ya mkaa ndani ya dele na kunywewa kwa vikombe vidogo, ambako uchungu ndio unaotafutwa na kashata ipo ya kuupunguza. Kahawa ya namna hiyo ina kipimo chake na haimo katika mradi huu.

Kwa mashine ya mkono tumechagua usagaji unaofanana na sukari ya kawaida ya dukani, na tumeweka alama ya rangi ya kucha kwenye skrubu yake ili asiwepo wa kuisogeza.

9 Julai. Muda, na machicha yaliyokaushwa

Utaratibu wa kupika umetulia hivi: maji lita moja yachemke, sufuria iepuliwe, gramu 60 zimwagwe juu, zikorogwe mpaka unga wote ulowe, sufuria ifunikwe. Baada ya dakika nne utando wa unga ulioelea juu unakorogwa uzame, zinasubiriwa dakika mbili nyingine ili unga utue chini, kisha kinywaji kinachujwa moja kwa moja ndani ya chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto. Kuchuja kabla ya kuhifadhi ni lazima. Kahawa inayowekwa chupani pamoja na machicha yake inaendelea kujikamua mpaka jioni.

Kujua ni kiasi gani kimeyeyuka huhitaji chombo maalumu kinachosoma mwanga unavyopinda katika kinywaji, nacho bei yake haituhusu. Lakini hapa ni mahali ambapo watu wamezoea kukausha kahawa na kuipima, kwa hiyo tulifuata njia yetu. Baada ya kuchuja, machicha yaliyolowa yalipimwa yakiwa na gramu 170 hivi, ambazo nyingi ni kinywaji kilichonaswa. Ndiyo maana lita moja ya maji haitoi lita moja ya kahawa bali mililita 850 na kitu, yaani vikombe vitano vya mililita 150 na kingine kisichojaa sawasawa. Kisha machicha yakatandazwa juu ya sinia, yakaanikwa mezani pamoja na kahawa ya wanachama kutwa nzima, na kumaliziwa juu ya majivu ya moto mpaka uzito ukakoma kushuka. Kitambaa nacho kilipimwa kikavu kabla na baada, kwa sababu kinashika unga.

Gramu 60 zilizoingia zilibaki gramu 48.2. Zilizoondoka ni 11.8, karibu asilimia 20. Tulifanya vivyo hivyo kwa kahawa ya kinu isiyochekechwa iliyopikwa kwa desturi ya zamani, ikichemka pamoja na maji kwa dakika kumi, na zikabaki gramu 46, maana yake zaidi ya asilimia 23 imetoka. Hesabu hii si ya maabara, kwa kuwa unga una unyevu wake kidogo tangu mwanzo na majivu hayakaushi kila chembe, ila inatosha kuonyesha kwamba ulimi na mizani vinasema jambo moja: kikombe cha pili ndicho kilichokwaruza koo.

Machicha yaliyobaki yamekwenda kwenye migomba.

13 Julai. Kuonja na wanachama

Chupa tatu ziliwekwa mezani bila maandishi isipokuwa alama ya uzi chini yake: gramu 50, 60 na 70 kwa lita, kila kitu kingine kikiwa sawa. Sukari ilikuwapo lakini tuliomba kila mtu aonje kwanza bila sukari, ombi ambalo lilipokelewa kwa mashaka. Ile ya 50 haikupata mtetezi. Wengi waliokunywa bila sukari walikaa kwenye 60, na waliotia sukari wakahamia 70, jambo linaloeleweka kwa kuwa sukari hufunika sehemu ya ladha na kinywaji kinahitaji uzito zaidi kuibeba. Walioongeza maziwa hawakuridhika hata na 70. Tulipowapikia ya 75 walinyamaza, na kwa desturi ya hapa mtu anayenyamaza na kikombe mkononi hana malalamiko.

Bibi mmoja, ambaye kahawa yake imepelekwa mnadani kwa muda mrefu kuliko umri wangu, alikunywa ile ya 60 yote kisha akauliza, "Mwanangu, hii ni ya kwetu au mmeinunua?" Ilikuwa ya kwetu, daraja la mwisho kabisa, punje zilizobaki baada ya zile kubwa za AA kwenda sokoni.

15 Julai. Kopo la nyanya

Uwiano unajulikana sasa, imebaki kuupa chombo. Tulijaribu vikombe vya bati, vifuniko vya chupa za chai na makopo ya aina mbalimbali, tukitafuta kitu kilicho katika kila duka, kisichobadilika ukubwa na kinachobeba sehemu kamili ya gramu 60. Kilichoshinda ni kopo dogo la nyanya ya kusindika, lile la gramu 70. Likioshwa na kukaushwa, likajazwa kahawa iliyosagwa kwa alama yetu, likagongwa mezani mara tatu na kukatwa juu kwa kijiti, linabeba gramu 29 hadi 30. Makopo mawili kwa lita moja. Kwa kahawa ya maziwa, makopo mawili na nusu.

Kugonga ni sehemu ya kipimo. Bila kugonga, unga umekaa kwa mapengo na kopo linabeba gramu 26 tu au hata 25. Likigongwa mara nyingi mno linapita 31. Mara tatu, kwa mkono usio na hasira, inatosha. Mzee mmoja wa kamati alisimama nyuma yangu muda wote wa kazi hii na hatimaye akauliza, "Kijana, hilo kopo ni la mfuto au la tele?" Nikamjibu, "La mfuto, mzee." Akasema basi liandikwe hivyo kwa herufi kubwa, kwa sababu wake zetu wakipima kwa tele na wauzaji wakipima kwa mfuto ndipo ugomvi unapoanzia sokoni. Limeandikwa.

Kwa kahawa iliyokaangwa hadi nyeusi kopo linashuka hadi gramu 25, kwa hiyo anayependa nyeusi atie vijiko viwili vya mfuto juu ya makopo yake mawili. Sisi hatuipendekezi, kuchoma kahawa ya Kilimanjaro mpaka itoe mafuta ni kuipotezea kile kinachoifanya inunuliwe kwa bei yake.

Agosti. Majaribio ya nyumbani

Makopo yaligawiwa kwa kaya zilizojitolea, kila moja pamoja na pakiti ya kahawa iliyosagwa ofisini. Kila kaya ilipika kama kadi inavyosema na kuleta chupa yake ofisini. Kwa kuonja, nyingi zilikuwa hazitofautiani na yetu. Zilizotofautiana zilikuwa za aina moja: chupa ya chai ilikuwa imekaa na chai ya maziwa jana yake na harufu haikutoka. Kipimo hakina dawa ya hilo, ila tumeongeza mstari katika kadi unaosema chupa ya kahawa iwe ya kahawa peke yake.

Suala jingine lililojitokeza ni gharama, na hapa wanachama walihesabu haraka kuliko mimi. Inachukua takribani kilo tano za kahawa mbivu kupata kilo moja ya kahawa iliyomenywa, kuoshwa na kukaushwa ikiwa bado na ngozi yake ngumu. Ikikobolewa inabaki kama gramu 800 za kahawa safi. Ikikaangwa kwa wastani zinabaki 680. Kilo hiyo moja, kwa kipimo chetu, inatoa lita 11 za kinywaji. Kwa maneno mengine kila lita imekula karibu nusu kilo ya matunda mabivu yaliyochumwa moja moja kwa mkono. Baada ya hesabu hiyo hakuna aliyeuliza tena kwa nini tunahangaika na gramu.

Septemba. Kahawa ya msimu mpya

Hadi sasa tulikuwa tunatumia kahawa ya msimu uliopita. Mavuno ya mwaka huu yameanza kutoka mezani, na kopo limebadilika kidogo: kahawa mpya, iliyokaangwa kwa rangi ile ile, inabeba gramu 30 na nusu. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko tofauti ya kugonga, kwa hiyo kadi haibadilishwi.

Kilichobadilika zaidi ni povu. Kahawa iliyokaangwa jana hujaa gesi ya kaboni dioksidi, na unapoimwagia maji ya moto inafura mpaka karibu imwagike, gesi ikiyasukuma maji yasiingie ndani ya chembe. Kikombe cha kahawa ya jana kilikuwa kichachu na chepesi ingawa gramu zilikuwa 60. Ile ile ikikaa siku nne au tano ndani ya mfuko uliofungwa vizuri ilitulia na kurudi kwenye ladha tunayoijua. Kwa anayelazimika kuitumia ikiwa ndiyo kwanza imekaangwa, njia ni kuilowesha kwanza kwa maji kidogo, mara mbili au tatu ya uzito wake, kuikoroga, na kusubiri nusu dakika kabla ya kuongeza maji yaliyobaki.

Oktoba. Sufuria ya mkutano mkuu

Kamati iliomba kahawa ya mkutano mkuu ipikwe kwa kipimo cha mradi, kwa sufuria ya lita 20. Hesabu ya unga ni nyepesi, kilo 1.2 au makopo 40, ingawa kwa kiasi hicho tulitumia mizani na kuacha makopo yapumzike. Unga ungenasa takribani lita 2.4, kwa hiyo tulitegemea lita 17 na nusu za kunywa, ambazo ni vikombe 115 hivi vya mililita 150. Mtunza ghala alitoa kilo 1.8 za kahawa yenye ngozi, ambazo baada ya kukobolewa na kukaangwa zilitua karibu kabisa na kilo 1.2.

Sufuria kubwa ina tabia yake. Lita moja iliyofunikwa hushuka nyuzi kadhaa katika dakika sita, lakini lita 20 karibu hazishuki, na kahawa inaendelea kukamuliwa kwa joto la juu wakati wote huo. Tena kuchuja lita 20 kwa kitambaa kunachukua muda mrefu, na sehemu ya mwisho inakuwa imekaa na unga zaidi ya mara mbili ya sehemu ya kwanza. Kwa hiyo unga ulisagwa mkubwa kidogo, skrubu ikifunguliwa robo mzunguko kutoka kwenye alama, ukafungwa ndani ya mifuko miwili mipana ya kitambaa iliyojazwa nusu tu ili maji yapite, na mifuko ikatumbukizwa sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Mifuko ilivutwa juu na kushushwa kila baada ya dakika moja kwa mti uliopitishwa kwenye masikio ya sufuria, na dakika ya saba ikatolewa na kuning'inizwa mpaka ikaacha kudondosha. Hakuna aliyehitaji kuchuja.

Kahawa ilitosha mpaka ajenda ya mahesabu. Kadi zimepelekwa kuchapishwa zikiwa na upande wa pili wenye hesabu ya lita 5, 10 na 20, na mashine ya kusagia sasa ina alama mbili za rangi ya kucha, nyekundu kwa sufuria ya nyumbani na nyeupe kwa ile ya mkutano. Kilichobaki ni kahawa ya robusta iliyoletwa na mgeni kutoka Bukoba, ambayo haijafunguliwa; itapimwa wiki ijayo kuanzia gramu 50, kwa kuwa ina kafeini karibu mara mbili ya arabika yetu na uchungu wake hauhitaji kusaidiwa.